Pangani: kabla ya kukimbilia ufukweni, pitieni mtoni kwanza

#1 Nahodha wa Bara

Wakuu salaam.

Kila likizo ikikaribia humu jukwaani zinafumuka nyuzi za "niwapeleke wapi familia", na majibu ni yale yale: Zanzibar, Bagamoyo, Lushoto kwa wapenda baridi. Pangani ikitajwa, basi ni kwa ajili ya fukwe za Ushongo, na mji wenyewe mtu anaambiwa ni pa kuvukia pantoni tu. Huko ni kuudhulumu mji. Nimetoka huko juzi juzi, na si mara ya kwanza kufika. Naweka uzi huu kwa anayetaka kuiona Pangani yenyewe: mto, mji na mashamba. Bahari haikimbii.

Nianze na njia. Ukitoka Dar kupitia Chalinze, ukifika Segera unaiacha barabara ya Moshi na Arusha unashika ya Tanga. Muda si mrefu uko Muheza, na Muheza haihitaji kibao. Machungwa yamepangwa mafungu kando ya barabara, mengine kwenye matenga, mengine yamemwagwa juu ya majani ya migomba. Msimu mkubwa ni katikati ya mwaka, Juni hivi mpaka Agosti.

Sasa sikilizeni. Usimrudishie mtu chungwa kwa sababu ni la kijani. Watu wa mjini wanachagua la njano wakidhani ndilo lililoiva, na muuzaji kwa ukarimu kabisa anawaachia yale yaliyokaa siku nyingi. Ganda la chungwa linageuka rangi likipigwa na baridi ya usiku, na Muheza baridi hiyo haipo. Chungwa linaivia ndani huku nje likibaki kijani. Shika mkononi: lililo zito kuliko linavyoonekana, ganda laini, ndilo lenye maji. Na likishachumwa limechumwa, haliongezi utamu nyumbani kama embe au ndizi, kwa hiyo onja kabla hujalipia tenga. Mama niliyenunua kwake alilimenya kwa kisu chembamba kilicholika katikati kwa kunolewa, ganda likashuka utepe mmoja mpaka chini bila kukatika, akakata kofia, akanipa. Nikaacha kubishana bei hapo hapo.

Kutoka Muheza kuna njia mbili. Moja inakata moja kwa moja kwenda Pangani, kilomita 45 hivi, katikati ya mashamba na mkonge. Nyingine unakwenda Tanga mjini kwanza kisha unashuka na pwani, kama kilomita 50. Ya kwanza ni fupi, ya pili ina mambo mengi njiani.

Mji ni mdogo, unauzunguka kwa miguu asubuhi kabla jua halijawa kali. Uko ukingo wa kaskazini wa mto, pale pale unapoingia baharini, na ng'ambo ni Bweni yenye kilima kinachoutazama mji. Upande wa maji kuna majengo ya zamani ya forodha na maghala, nyuma yake nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zina watu na nyingine mtini umeshika ukuta na paa halipo tena. Boma ndilo jengo kubwa. Sehemu yake ya mwanzo ni ya enzi za Waomani, Wajerumani wakaja kuongezea yao. Mjini watakusimulia kwamba watumwa walizikwa hai kwenye misingi ili jengo lishike. Hayo ni masimulizi, yapokeeni kama masimulizi, ila angalieni namna msimuliaji anavyoshusha sauti akifika hapo.

Halafu mto. Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanauvuka, hawaupandi. Mto Pangani una urefu wa kilomita kama 500. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, ndipo yafike hapa. Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini kutafuta pembe za ndovu ilifuata bonde hili. Watumwa waliteremshwa kwa bonde hili. Miwa ya mashamba makubwa ilistawi kwenye tope la mto huu, na minazi baada yake. Ukiuelewa mto, zile nyumba zilizobomoka zinaanza kuwa na maana.

Kodini boti ndogo, pandeni nayo maji yanapojaa na mrudi yanapokupwa, injini haihangaiki na mwenye boti hatawalaumu kwa mafuta. Mwanzo ni mikoko, kisha mikoko inapungua, inabaki minazi kushoto na kulia mpaka macho yachoke. Mamba wapo, kwa hiyo mikono ndani ya boti. Jioni ni nzuri zaidi.

Maswali karibuni.

#2 Kitale

Uzi bila picha ni chai. Nimeweka kambi hapa.

#3 Binti Muheza

Nahodha, asante kwa kutukumbuka. Mie nimezaliwa kwenye machungwa kwa hiyo niongeze kidogo.

Sio machungwa yote ya Muheza ni aina moja. Kuna yale tunayoyaita ya mapema, kuna Jafa, kuna Valensia inayochelewa. Ndiyo maana hata msimu ukiisha bado utaona mafungu mawili matatu barabarani. Miche mingi imebebeshwa kwenye shina la mlimau mkali, maana unavumilia ukame na mizizi yake inakwenda chini sana. Ukipita shambani tazama karibu na ardhi, utaona kovu pale walipounganishwa, juu yake gome lina sura moja na chini sura nyingine. Tukiona machipukizi yanatoka chini ya kovu tunayakata haraka, ukiyaacha miaka miwili shamba lako linazaa malimau.

Jambo ambalo mgeni haoni ni biashara yenyewe. Wakulima wengi tunauza mti ukiwa na maua au vitunda vichanga. Mnunuzi anakuja wakati ada za shule zinadaiwa, anatembea shambani, anataja bei ya shamba zima, unapokea. Machungwa yakikomaa ni yake, analeta wachumaji wake, magari yanapakia, mengi yanavuka mpaka kwenda Kenya. Wewe mwenye mti unaweza ukanunua chungwa la mti wako mwenyewe barabarani. Kwa hiyo mkisimama, nunueni kwa akina mama wenye mafungu madogo, wengi ndio wenye shamba waliobakiza miti michache ya kwao. Na mkipata mwenyeji, ombeni mkachume wenyewe shambani, watoto wataikumbuka siku hiyo kuliko bahari.

#4 Nahodha wa Bara

Dada hapo kwenye kuuza maua umenifungua macho. Nilikuwa najiuliza mbona wenye mashamba hawana furaha na msimu.

#5 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Mwanzisha uzi umepita juu juu kwenye historia, labda kwa adabu. Mtu akifika Pangani bila kumjua Abushiri amekwenda kutazama kuta.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ikusanye ushuru kwa jina lake. Agosti mwaka huo wakaja kuchukua madaraka. Pangani alikuja Emil von Zelewski, kijana mwenye kiburi, akataka bendera ya kampuni ipepee na liwali wa Sultani amtii yeye. Liwali akakataa. Askari wa manowari wakateremshwa kumsaka, na inasimuliwa kwamba waliingia hata msikitini siku za Idi, na mbwa wao. Hilo likawa limemwagia petroli motoni. Mji ukafura. Mwezi Septemba Zelewski na wenzake wakawa wamefungiwa ndani ya nyumba yao. Aliyewatoa wakiwa hai ni Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, naye akaambiwa na watu wa Pangani aondoke haraka.

Hapo ndipo Abushiri bin Salim al-Harthi alipopata jina. Baba Mwarabu, mama Mworomo, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, na hakuwa rafiki wa Sultani hata kabla ya Wajerumani. Vita vikaenea Tanga, Saadani, Bagamoyo mpaka kusini. Ujerumani ikamleta Hermann Wissmann na jeshi la Wasudani walioajiriwa Misri pamoja na Washangaan kutoka Msumbiji. Julai 1889 akaichukua Pangani. Abushiri akakimbilia bara, akakamatwa, akakabidhiwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa hapo hapo Pangani. Bwana Heri wa Saadani aliendelea hadi 1890.

Nawapa mawili ambayo hayasemwi sana. La kwanza: Zelewski huyo, ambaye Waafrika walimwita Nyundo, aliishia Lugalo mkoani Iringa, Agosti 17, 1891, alipouawa na Wahehe wa Mkwawa akiwa mkuu wa kikosi. Alinusurika Pangani, hakunusurika Uhehe. La pili: katika vurugu za 1888 Abushiri alimkamata Hans Meyer akirudi pwani kutoka Usambara, akamtia minyororo, mpaka fidia ilipolipwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 1889, Meyer huyo huyo akafika kilele cha Kilimanjaro, Mzungu wa kwanza. Juu kule mto unakoanzia.

#6 Kitale

Shikamoo Mwalimu. Hii ya Meyer kufungwa minyororo hatukufundishwa. Shuleni ni "alipanda mlima" basi.

#7 Mchokonozi

Mwalimu heshima yako, ila tusidanganyane. Abushiri alikuwa mwenye watumwa. Shamba la miwa la karne ile lililimwa na nani? Tunampa sifa za ukombozi mtu aliyekuwa anapigania biashara yake. Wajerumani walikuwa wanakuja kumharibia mapato, ndiyo akashika bunduki.

#8 Mwalimu Mstaafu

Marahaba Kitale.

Mchokonozi, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Alikuwa na watumwa, ndiyo. Lakini wewe umedhani vita vile ni vya Abushiri. Vilianza bila yeye. Waliofunga nyumba ya Zelewski walikuwa watu wa mji, majumbe (wakuu wa vijiji), wapagazi wa misafara, watu kutoka vijiji vya bara walioshuka Pangani kwa maelfu, na miongoni mwao watumwa na watoro. Kila mmoja alikuwa na lake. Matajiri Waarabu wa mjini wengi wao waliogopa kile kikundi kuliko walivyowaogopa Wajerumani, wakawa wanatafuta suluhu chini chini. Abushiri alichofanya ni kuruka juu ya farasi aliyekwisha kuanza kukimbia.

Na ukitaka watu waliopigania uhuru wao bila mchanganyiko, usitazame mbali, vuka mto tu. Kikogwe, upande wa kusini, kulikuwa na mashamba ya miwa. Mwaka 1873 watumwa wa huko walitoroka kwa pamoja, wakajenga kijiji chao na kukizungushia boma, na wenye mashamba walipokwenda na silaha kuwarudisha walishindwa. Hao hawana sanamu wala barabara yenye jina lao.

#9 Mchokonozi

Hapo sawa. Nimekubali nusu.

#10 Mkonge Line

Mwalimu umetaja Kikogwe na hukumalizia! Miaka 20 baada ya hao watumwa, Kikogwe hiyo hiyo ndipo mkonge wa kwanza ulipopandwa. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza vikonyo (miche michanga ya mkonge) 1,000 kutoka Florida, safari ikaua karibu vyote, vikafika hai 62. Kutoka hivyo 62 ndiyo mkonge wote wa Tanganyika uliosambaa Tanga, Korogwe, Muheza mpaka Morogoro. Tulikuja kuwa wa kwanza duniani, miaka ya 60 tulikuwa tunatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Babu yangu alikuja Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka Songea kukata huo mkonge, ndiyo maana mimi ni mtu wa Tanga leo. Hata umeme wa maporomoko ya Pangani wa mwaka 1936 uliwafaidi kwanza wenye mashamba. Nikipita Kikogwe huwa natafuta hata kibao. Ni majani na mbuzi.

#11 Mama Wawili

Jamani uzi mtamu lakini mimi nina maswali ya kawaida. Nina watoto wa miaka sita na tisa. Pantoni ni salama? Inasubiriwa muda gani? Na nasikia kuna daraja, bado tu?

#12 Nahodha wa Bara

Dada, pantoni ni salama na ni fupi, kutoka mjini hadi Bweni ni dakika chache za majini. Magari yanapangwa kwanza, wenye miguu na baiskeli wanaingia kando. Ishu ni foleni ya magari siku za sikukuu na mwisho wa wiki. Kama unalala mjini, acha gari, vukeni kwa miguu, mpande kilima cha Bweni na watoto. Juu kule ndipo mnaona umbo lote: mto unavyokunja, mji umelala ukingoni, na mstari pale maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa yanapokutana na ya bahari.

Daraja ni sehemu ya mradi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, lenyewe lina urefu wa mita 525. Likianza kutumika, Dar hadi Pangani kwa njia ya pwani itakuwa mserereko na Segera mtaisahau. Mimi nina wasiwasi na hilo kidogo, kwa sababu mji ambao watu walilazimika kusimama utakuwa mji wa kupita kwa kasi. Akina mama wa samaki wa kukaanga wa pale gatini sijui watahamia wapi.

#13 Mkwezi

Wewe Nahodha mji unaupenda kwa magofu, sisi tunaoishi tunaupenda kwa minazi. Naombeni nafasi kidogo.

Watu wanasema Pangani minazi inajiotea. Haijiotei. Mnazi wetu mrefu wa Afrika Mashariki unaupanda leo unaanza kuula baada ya miaka sita, saba, na utakuzika. Mkwezi anapanda na panga kiunoni, miguu kwenye vidato tulivyochonga kwenye shina, anagonga kwa kidole kabla ya kukata. Dafu lina mlio wake, koroma lina wake, nazi kavu ukiitikisa maji yanacheza ndani. Anaangusha nazi kwa chini, dafu anashusha kwa kamba maana likipasuka ni hasara. Chini kuna mtu wa kufua. Kifuo ni mti wenye ncha uliochimbiwa ardhini, unaipiga nazi juu ya ncha, unaizungusha, unaipiga tena, unakandamiza na kumbi linaachia lote. Mzoefu hata hatazami, anapiga soga na wewe huku mikono inafanya kazi. Mgeni akijaribu naomba asimame mbali kidogo na hiyo ncha.

Makumbi hayatupwi. Tunayafukia kwenye tope la ukingoni yakae miezi, yaoze nyama yabaki nyuzi, kina mama wanayaponda na kusokota kamba. Mbata inakwenda kukamuliwa mafuta. Makuti ni paa. Vifuu ni mkaa au upawa. Na mgema naye ana miti yake, ila hilo tuliache humu kuna wachungaji.

Sasa matatizo. Kuna chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anatoboa kichwa cha mnazi na majani yanatoka yamekatwa kama pembetatu. Huyo tunamtoa kwa waya. Kuna ugonjwa wa kunyong'onyea, nazi changa zinaanguka, majani yanageuka njano kuanzia chini, kichwa kinaanguka, unabaki na nguzo. Huo hauna dawa, unakata na kuchoma.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi, ni chumvi. Mto huu zamani ulikuwa unasukuma bahari nje. Siku hizi wakati wa kiangazi bahari ndiyo inayousukuma mto. Maji ya chumvi yanapanda na kujaa kwa maji mpaka mbali juu, sehemu ambazo wazee walichota maji ya kunywa hapo hapo mtoni. Mnazi unavumilia chumvi kiasi, lakini ndizi, mpunga na michungwa ya bondeni haivumilii. Juu kuna mabwawa, kuna mashamba ya umwagiliaji Moshi na Arusha, kuna miji, kila mtu anakinga. Sisi wa mwisho wa bomba tunapokea kilichobaki.

Kwa hiyo mkipanda boti kama Nahodha alivyosema, mwambieni mwenye boti asimame kwenye mashamba ya juu, chovyeni kidole muonje maji. Mtaona minazi isiyo na vichwa imesimama. Mgeni huwa anaipiga picha akidhani ni mapambo.

#14 Binti Muheza

Mjomba Mkwezi umeniliza. Huku juu tunajua ukame tu, hatujui kama chumvi inawafuata mpaka bondeni.

#15 Mkonge Line

Nimesoma #13 mara mbili. Watu wa Arusha na Moshi humu jukwaani mjitokeze, mkiwa mnamwagilia nyanya zenu mkumbuke kuna mtu Pangani anaonja kidole.

#16 Mdau wa Moshi

Nimejitokeza. Kaka, hata sisi mifereji inakauka, usidhani tunaoga tu huku. Mfereji wa ukoo wetu uliokuwa unapita mwaka mzima sasa unapita kwa zamu. Ila nakiri sijawahi kufikiria yanakoishia.

#17 Mtafuta Rhapta

Wakuu, hakuna aliyetaja kwamba Pangani inaweza kuwa Rhapta, ule mji wa biashara uliotajwa na mabaharia wa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita? Mto upo, bandari ipo.

#18 Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, mto na bandari hata Rufiji ipo, na wengi wanaielekeza huko. Mpaka mtu achimbe akute kitu, hilo ni la mezani. Pangani ina ya kutosha ya uhakika, haihitaji kuazima.

#19 Wa Tongoni

Nahodha alisema njia ya Tanga ina mambo mengi akaacha hewani. Naongezea: Tongoni, kama kilomita 17 kusini ya Tanga mjini. Kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo zaidi ya 40, ni miongoni mwa makundi makubwa ya makaburi ya aina hiyo pwani yote ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingi zimeanguka, ila ukitazama karibu utaona vijishimo vya mviringo ambamo vilipachikwa bakuli za kauri kutoka nje. Bakuli zimeng'olewa, alama zimebaki. Eneo hilo la Mtang'ata ndiko Vasco da Gama alikoichoma meli yake Sao Rafael mwaka 1499 akirudi kutoka India, mabaharia walikuwa wamekufa wengi hawakutosha kuendesha meli tatu. Nenda asubuhi, hakuna kivuli. Vaeni kwa heshima, ni makaburi ya watu.

#20 Mama Wawili

Na Maziwe? Watoto wameona video ya kisiwa cha mchanga katikati ya bahari hawanipi amani.

#21 Mkwezi

Dada Maziwe ni fungu la mchanga, kisiwa kilikuwa zamani. Kilikuwa na miti na kasa walikuwa wanataga hapo, kikafanywa hifadhi mwaka 1975, kisha bahari ikala, miti ikaisha yote. Sasa mchanga unatokea maji yakikupwa na unazama yakijaa. Kasa wakitaga kule, mayai yanahamishwa kupelekwa Ushongo ili yasizame.

Kwa hiyo usipange safari kwa saa ya hotelini, panga kwa mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa kama saa nne asubuhi na fungu linatokea kubwa. Ondokeni mapema, mkifika linaanza kuonekana, mrudi kabla halijalowa. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, fungu ni dogo na saa zinahama, muulizeni nahodha wa boti kabla ya kutoa pesa. Hakuna kivuli hata cha kitambaa, bebeni turubai na maji ya kunywa ya kutosha. Na kila mtoto awe na jaketi lake la kuokolea, lijaribiwe ufukweni. Mwenye boti akikwambia yapo mengi kule mbele, tafuta mwingine.

#22 Kitale

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nikienda Aprili kwa sababu ya likizo ya Pasaka nitajuta?

#23 Nahodha wa Bara

Aprili ni masika yenyewe kaka. Mto unakuwa mwekundu na umejaa, bahari imechafuka, Maziwe unaweza ukaikosa kabisa, na njia ya kukatisha kutoka Muheza sehemu za udongo zinateleza. Ukiwa lazima uende, pitia Tanga na usiwe na gari la chini. Mji utaufaidi, mvua za pale zinapiga asubuhi zinaacha. Machungwa ya msimu hutayakuta bado.

Kama una uhuru wa kuchagua, Julai. Machungwa yapo, kusi inapoza jua, mto umetulia. Bahari inakuwa na mawimbi kiasi, kwa hiyo Maziwe iwe asubuhi tu. Anayetaka bahari tulivu zaidi asubiri Novemba mpaka Februari, joto lake akalijue mwenyewe.

Kitale, picha napandisha leo usiku nikirudi kazini. Mkwezi, kama huoni tabu nitafute inboksi, nataka wageni wangu wa Julai waje kwako waone kifuo.

#24 Mkwezi

Karibuni sana. Waje na viatu vya kufunika vidole.